Mume wangu kabadilika tangu aanze dawa za figo. Ni ugonjwa, ni dawa, au ndo yeye mwenyewe?

MamaWawili

Habari zenu wapendwa, mnivumilie nitaandika marefu na kichwa chenyewe hakijatulia maana usingizi nimeusahau.

Mume wangu ana miaka 38. Mwezi uliopita alianza kuvimba uso na miguu mpaka viatu vikawa havimwingii, kupimwa ikaonekana figo zinavujisha protini kwenye mkojo. Dokta akamwanzishia prednisoloni miligramu 60 kwa siku, ni vile vidonge vidogo vya miligramu 5 kwa hiyo ni kumi na viwili, anameza sita asubuhi sita usiku. Uvimbe ukaanza kushuka tukashukuru Mungu. Sasa kama siku ya tano hivi ndo vituko vikaanza.

Kwanza halali. Huyu ni mtu ambaye kichwa kikigusa mto tu anakoroma, lakini juzi saa nane usiku nasikia vyuma vinagongana sebuleni, naenda nakuta kafumua feni yote, skrubu kazipanga sakafuni mstari mmoja kuanzia ndogo mpaka kubwa, ananiambia kwa furaha kabisa eti kagundua namna ya kuifanya isipige kelele. Feni haikuwa na kelele jamani!! Nikamwambia njoo ulale, akaanza kunieleza mipango ya biashara tatu kwa mpigo, anaongea haraka mpaka anakata maneno. Asubuhi yake mtoto kadondosha kikombe, akamfokea mpaka mtoto akajikojolea, dakika kumi baadae namkuta bafuni kajifungia analia. Sijawahi kumwona huyu mwanaume akilia, hata kwenye msiba wa baba yake hakulia.

Ndugu zake wanasema ni mawazo ya ugonjwa. Mdogo wangu anasema hiyo ndo tabia yake halisi ilikuwa imejificha. Sasa tuko wiki ya nne na mimi nimefika mahali nataka nimfichie vidonge. Dawa ya figo inaweza kweli kumgusa mtu akili? Na akiiacha tu atarudi kuwa yeye?

NesiZamuYaUsiku

Dada pole sana, ila naanza na la mwisho kabla sijasema lingine: usimfichie hivyo vidonge na asiviache ghafla. Hiyo dawa inaiga kortisoli, homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Ukimeza dozi kubwa kwa wiki tatu na kuendelea zile tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ukikata ghafla mwili unabaki hauna ya kumeza wala ya kwake, mtu anatapika, anaishiwa nguvu, presha inaanguka, na watu wanakufa kwa hilo. Ndo maana hushushwa kidogo kidogo kwa mpango wa daktari.

Sasa swali lako. Ndio, inagusa akili, na jambo hili si geni kabisa, hizi dawa zilianza kutumika kwa wagonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948 na haikuchukua muda madaktari wakaona wengine wanachangamka kupita kiasi na wengine wanachanganyikiwa. Kuna utafiti wa Boston wa mwaka 1972 huwa tunafundishwa, waliokuwa wanameza miligramu 40 kushuka chini waliopata matatizo ya akili walikuwa 1.3%, wa kati ya 41 na 80 walikuwa 4.6%, na waliozidi 80 walifika 18.4%. Kwa hiyo wengi hawapati shida kubwa kiasi hicho, lakini dozi ikipanda na hatari inapanda, na mumeo yuko kwenye 60. Siku ya tano uliyoitaja nayo inaendana, kawaida huanza ndani ya wiki mbili za mwanzo.

Kilichonishtua mimi ni hizo sita za usiku. Kortisoli ya mwili yenyewe hupanda kuelekea alfajiri ndo inatuamsha, usiku inakuwa chini. Sasa wewe ukimpa mtu miligramu 30 usiku ni kama unauambia mwili kumekucha. Mara nyingi dozi yote hutolewa asubuhi baada ya kula, ila usibadilishe wewe, piga simu kliniki au nenda kesho uwaulize hilohilo kwa maneno hayohayo.

Na usisubiri kesho kama atasema anasikia sauti, anakushuku unataka kumdhuru, anazungumzia kufa, au amekesha usiku mbili tatu mfululizo bila lepe la usingizi. Hapo ni dharura, siku hiyohiyo.

Kipepeo_

MamaWawili nimesoma hiyo ya feni nikacheka halafu nikalia kidogo. Mimi nina lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inajishambulia yenyewe, nimeshapitia hizo dozi kubwa mara mbili. Ngoja nikwambie kwa ndani inavyokuwa maana yeye sasa hivi hawezi kukueleza.

Kwanza raha. Huhisi kama unaumwa, unahisi hatimaye umepona na umekuwa na akili kuliko watu wote wa nyumba ile. Mawazo yanakuja mengi na yote unaona ni mazuri. Mimi nilimwandikia bosi wangu ujumbe saa kumi alfajiri, mrefu mpaka ukakatika vipande vinne, namwelekeza jinsi ya kupanga upya ofisi nzima. Nikiusoma leo natamani ardhi ipasuke. Halafu hasira nayo ni ya ajabu, haianzi chini ikapanda, unaikuta tu iko juu tayari, unajisikia mdomo unafoka na wewe uko nyuma unajiangalia unasema nyamaza lakini haunyamazi. Ukishamaliza ndo unapata aibu moja mbaya sana, ndo kule bafuni.

Kitu ambacho watu hawasemi ni kioo. Uso unavimba unakuwa duara, chunusi, shingo inanona kwa nyuma, mtu anakwambia "umependeza umenenepa" na wewe humjui yule wa kwenye kioo. Nikaacha kupiga picha mwaka mzima. Mwangalie hapo, wanaume hawasemi ila wanaumia.

Kilichonisaidia ni mume wangu kuacha kubishana na mimi usiku. Tulikubaliana mchana nikiwa nimetulia, kwamba dozi ikiwa juu sinunui kitu kikubwa, sitoi ahadi, sitoi maamuzi, na simu inalala chumba kingine. Akinikumbusha tu "tulikubaliana" nakasirika lakini nakaa.

Na jiandae, kushuka nako kuna yake. Nilivyokuwa napunguziwa nilikaa wiki kama gunia, sitaki kuoga, sitaki mtu. Dokta wangu hakuishia kusema ni dawa, alinipima kwanza maana lupasi yenyewe nayo inaweza kuingia kwenye ubongo. Kwa hiyo msijitibu kwa kukisia.

MzeeWaKona

Mimi nitasema ukweli hata kama hautapendwa. Dawa siku hizi zinasingiziwa kila kitu. Nimemeza dawa za presha miaka 12 sijawahi kufumua feni ya mtu. Mwanaume akiambiwa figo anaona kaburi, anaona watoto watabaki na nani, hawezi kulia mbele za watu basi anafoka. Mpeni nafasi apumzike, msimfanye kichaa.

BadoNipo

Mzee wangu shikamoo, kuna nusu ya maneno yako nayakubali. Hofu ipo na ni kubwa. Mimi nilivyopewa majibu yangu ya virusi vya Ukimwi miaka hiyo nilikaa miezi naangalia ukuta, na hapo hata kidonge sijameza, hiyo ilikuwa ni habari yenyewe imenipiga.

Lakini baadae nikaanzishiwa dawa zenye efavirenzi, na hapo ndo nikajua tofauti. Ndoto, mzee! Ndoto zenye rangi na harufu, naota nimeanguka kisimani naamka mikono inauma kwa kushika ukingo. Asubuhi kichwa kizito kama nimelewa, nikadhani nimelogwa au virusi vimefika kichwani. Miezi miwili nilimficha mhudumu kwa sababu niliogopa ataandika kwenye faili kwamba nimechanganyikiwa. Siku nilipotamka akaniambia bila hata kushtuka "hiyo dawa ndivyo ilivyo, unameza saa ngapi?" Ikawa nameza wakati wa kulala tumbo likiwa tupu, ikapungua. Baadae wengi wetu tukahamishiwa dolutegraviri, ambayo WHO waliipendekeza mwaka 2019 iwe ya kuanzia, na usingizi wangu ukarudi.

Kwa hiyo mzee, dawa ya presha si sawa na steroidi, yaani dawa za aina ya hiyo prednisoloni, kila dawa na mlango wake. Na hofu ya kufa haimwamshi mtu saa nane usiku akapanga skrubu kwa furaha.

MzeeWaKona

Marhaba. La feni nimekubali. La kulia bafuni bado nasema ni hofu.

Kipepeo_

Inaweza kuwa vyote viwili mzee, hata mimi sikuweza kuvitenganisha, ndo maana nasema apelekwe akaongee na mtu. Kuna maswali tisa huwa wanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, usingizi, hamu ya kula, kujiona huna thamani, mpaka kufikiria kufa. Mimi ndo mara ya kwanza kuna mtu aliniuliza hospitali kitu ambacho si damu wala mkojo.

MamaWawili

Wapendwa nimerudi. Asanteni sana, Nesi wewe Mungu akubariki.

Tulienda. Kabla ya kwenda niliandika kwenye karatasi siku, dozi, kalala saa ngapi kaamka saa ngapi, maana nilijua tukifika pale atasema "naendelea vizuri dokta". Na kweli alisema! Nikatoa karatasi. Alinikasirikia njia nzima ya kurudi lakini sijali.

Dokta alisema dozi yenyewe hawezi kuishusha bado kwa sababu protini kwenye mkojo haijatulia, ila vidonge vyote kumi na viwili vihamie asubuhi, akampa na cha kumsaidia kulala kwa siku chache, turudi baada ya wiki moja na tukiona zile dalili za hatari tusisubiri miadi. Akamuuliza na yale maswali. Kwenye lile la kujiona umewaangusha watu wa nyumbani alinyamaza muda mrefu halafu akasema "kila siku". Sikuwa najua.

Jana kalala kuanzia saa tano mpaka saa kumi na moja, kwetu hiyo ni sherehe. Leo kamwita mtoto kamwambia "baba alikufokea na kosa halikuwa lako", mtoto akamuuliza kama ni dawa, akajibu "dawa na baba, wote wawili". Nikamwonesha huu uzi, kaisoma ya Kipepeo mara mbili hajasema kitu, karudisha simu tu. Ila kioo cha bafuni alikuwa kakigeuza ukutani wiki ya pili, mimi nilidhani watoto.

Feni kairudishia. Skrubu mbili zimebaki na sasa ndo inapiga kelele kweli.

MzeeWaKona

Hizo skrubu mbili zitunze, akimaliza dozi atazirudishia mwenyewe mchana.