Tathmini ya wagonjwa wa sumu na dawa zilizopo, naanzia wapi?

nesi_wa_zamu: Wakuu habari, mganga mfawidhi kanipa kazi nifanye tathmini ya wagonjwa wa sumu tuliolaza mwaka mzima pamoja na vifaa tulivyonavyo, sasa nafungua rejista ya wodi nakuta imeandikwa "sumu" basi, haijulikani ni dawa ya panya, mafuta ya taa au nini. Mwenye uzoefu anisaidie

mfamasia wa kijijini: Pole mkuu. Usiishie wodini, pitia na rejista ya dharura maana wengine wanafia mapokezi. Andika umri, sumu gani, bahati mbaya au makusudi, kanywa saa ngapi kafika saa ngapi. Hiyo saa ndo yenyewe, mkaa wa dawa (ule unga mweusi wa kunywa unaonasa sumu tumboni) unasaidia zaidi ndani ya saa moja

Daktari Mstaafu: Na stoo usiandike tu "atropini ipo". Aliyekunywa dawa ya wadudu ya jamii ya organofosfeti (zile zinazojaza kifua majimaji) unaanza na atropini miligramu 1 hadi 3, dakika 5 kifua bado kinakoroma unaongeza maradufu, yaani boksi la ampuli 10 za miligramu moja moja linaisha chai haijapoa. Oksijeni na mashine ya kufyonza je?

nesi_wa_zamu: Duh, nimetoka stoo sasa hivi, ampuli 6 na mbili zimeeksipaya 😩 Na watoto wa mafuta ya taa?

mfamasia wa kijijini: Hao safu yao peke yao. Andika na kama walitapishwa nyumbani, kutapisha ndo kunapeleka mafuta mapafuni