Naomba ushauri: mbege (pombe ya ndizi na ulezi) inageuka siki siku ya pili

Wakuu, salaam. Ndizi mbivu zimechemshwa hadi zikawa nyekundu, zikakaa siku 4 kwenye pipa la plastiki, zikachujwa. Kimea cha ulezi kilo 2 kimepikwa uji, ukapoa kabisa, ndipo vikachanganywa kupata lita 20. Jioni ladha ni nzuri sana, lakini kesho yake mchana ni siki tupu.

Nashuku hewa. Bakteria wa siki wanahitaji oksijeni, na pipa limejaa nusu tu. Au ni mikwaruzo ya plastiki? Humo vijidudu hujificha hata ukisugua kwa maji ya moto. Kimea hakina ukungu, hilo nimelihakikisha.

Mnaopika Kilimanjaro: msesewe (magome machungu ya mti yanayotiwa kwenye mbege) kiasi gani kwa lita 20, na mnauweka lini, kwenye ndizi au kwenye uji?