Naunda tela ya kubeba pikipiki mbili: ekseli niiweke wapi?

Mwenda_Mbali:
Wakuu, salaam. Nataka kuunda mwenyewe tela ya kubeba pikipiki mbili, moja ya kilo 120 hivi na nyingine ya kilo 200. Mimi na mwanangu tunapenda njia za vumbi na milima, lakini hadi tufike huko kwa barabara ya lami tunakuwa tumeshachoka.

Mpango wangu uko hivi. Sakafu urefu mita 2.2, upana mita 1.5. Mkono wa kuvutia mita 1.2, kutoka kwenye boli ya gari (lile tufe la chuma la nyuma ambalo tela hufungwa) hadi mwanzo wa sakafu. Nina ekseli ya nyuma niliyoitoa kwenye gari dogo la kuvuta mbele (injini inazungusha magurudumu ya mbele), ina habu na rimu zake. Fremu nataka bomba la mraba la 50 kwa 50, unene milimita 5 ili iwe imara, na ekseli ikae katikati kabisa ya sakafu ili mzigo ugawanyike sawa. Kuchomelea najua, ila tela sijawahi kuunda. Naombeni mnikosoe kabla sijakata chuma, maana kitu hiki kitatembea barabarani na watu wengine.

Fundi_Chuma:
Mkuu, umefanya vizuri kuuliza mapema. Ekseli katikati hapana, na ndilo jambo kubwa kuliko yote uliyoandika.

Tela inayovutwa na gari dogo inatakiwa ilalie boli kidogo. Wengi tunafuata asilimia 10 ya uzito wote wa tela pamoja na mzigo. Ukiweka uzito sawa mbele na nyuma ya ekseli, boli haishiki kitu, na ukifika mwendo wa barabara kuu tela inaanza kupiga mkia. Ikishashika kasi ya kuyumba inavuta na gari lako nayo. Unene wa chuma hauwezi kuzuia hilo.

Chukua namba zako. Pikipiki kilo 320, tela yenyewe tuseme 180, jumla 500. Unataka kilo 50 kwenye boli. Ekseli ikiwa mita 2.5 kutoka kwenye boli, kitovu cha uzito wote (mahali ambapo uzito unalingana mbele na nyuma) kinatakiwa kiwe sentimita 25 mbele ya ekseli: 500 mara 0.25, gawa kwa 2.5, unapata 50. Kwa vipimo vyako, mita 2.5 ni kama sentimita 20 nyuma ya katikati ya sakafu. Anzia hapo.

Halafu soma kitabu cha gari uone boli inaruhusiwa kubeba kilo ngapi kwenda chini. Magari mengi madogo ni kati ya 50 na 75. Usipite hapo, na usipite uzito wa kuvuta ulioandikwa.

Mwenda_Mbali:
Asante sana mkuu. Sasa hicho kitovu cha uzito cha pikipiki nitakijuaje?

Fundi_Chuma:
Kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu. Weka gurudumu la mbele juu ya mizani, la nyuma juu ya ubao wa kimo kilekile, mtu ashikilie pikipiki isimame wima, soma. Kisha geuza. Tuseme mbele umepata 70, nyuma 80, na kati ya vitovu vya magurudumu ni mita 1.3. Basi 80 gawa kwa 150, mara 1.3, ni sentimita 69 kutoka kitovu cha gurudumu la mbele. Weka alama ya chaki. Fanya hivyo kwa zote mbili, ndipo uamue vizuizi vya magurudumu ya mbele vikae wapi.

Na vishikio vya springi usivichomelee kwanza. Vifunge kwa klampu, pandisha pikipiki, pima uzito kwenye mkono wa kuvutia kwa mizani hiyohiyo tela ikiwa imelala sawa. Sogeza ekseli hadi upate namba unayoitaka, ndipo uchomelee.

Binti_wa_Gereji:
Kaka, nikazie kuhusu chuma. Bomba la 50 kwa 50 la milimita 3 lina kilo 4 na kidogo kwa mita. La milimita 5 linakaribia 7. Ukitumia mita 20 umejibebesha karibu kilo 50 za bure, na hizo ungezihitaji kwenye mzigo. Milimita 3 inatosha kwa fremu hii.

Nguvu iweke kwenye mkono wa kuvutia, maana tela za kienyeji nyingi nilizoletewa zimevunjika palepale mkono unapokutana na boriti ya mbele (bomba la fremu linalokingama mbele ya sakafu). Mtu anachomelea mkono usoni mwa boriti, unaishia hapo. Kila shimo barabarani linapinda palepale. Mkono upite chini ya boriti ya mbele uende hadi boriti ya pili, au tumia mikono miwili inayotoka pembeni na kukutana kwenye boli. Mistari ya kuchomelea ipite ubavuni, kwa urefu wa bomba. Usichomelee mstari wa kukingama chini ya mkono, ufa unaanzia hapo.

Bomba likiwa na zinki, isage yote mahali pa kuchomelea na ufanye kazi penye hewa. Moshi wa zinki unaleta homa na kutetemeka usiku, si jambo la kudharau.

Mzee_Springi:
Mwanangu, hiyo ekseli iangalie vizuri kwanza. Kama ni boriti nyoofu tupu inayounganisha habu mbili, inafaa kukaa juu ya springi za majani (zile za vyuma bapa virefu). Lakini magari mengi ya kuvuta mbele yana ile ya kujipinda, yenye mikono miwili inayoelekea mbele na springi za mviringo. Hiyo haikufanywa kukaa juu ya majani, na ukiikata ili uipachike, magurudumu hayatatazama mbele sawasawa na matairi yataliwa upande.

Springi usichukue za gari la mizigo. Kila upande utabeba kilo 225 hivi tu. Springi ngumu itarukaruka, na pikipiki zitafungua mikanda njiani.

Njia_za_Vumbi:
Mimi naongelea mzigo. Pikipiki zako hazilingani, kwa hiyo usiziweke umbali sawa kutoka katikati. Ya kilo 200 iwe sentimita 30 upande mmoja, ya 120 iwe 50 upande mwingine, hapo kushoto na kulia vinalingana. Moja itangulie kidogo ili usukani usigongane. Kila pikipiki iwe na reli yake ya kupitishia magurudumu, na weka reli ya tatu katikati kabisa, siku utakayobeba moja pekee utaihitaji.

Kufunga: mikanda minne kwa kila pikipiki, ya racheti. Miwili ya mbele ishike chini ya usukani kwenye kichwa cha foku (zile nguzo mbili zinazoshika gurudumu la mbele), isishike mipini, ivute chini, mbele na nje. Bana foku hadi kama nusu ya mwendo wake, usizibane zote, oili sili (mipira inayozuia oili ya foku isivuje) zitaumia. Miwili ya nyuma inazuia mkia usihame. Stendi ya pembeni iwe juu, pikipiki ikae kwa magurudumu na mikanda. Simama baada ya kilomita chache za kwanza ukaze tena, mikanda hulegea ikishakaa.

Na ikitokea tela imeanza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, usikanyage breki ghafla.

Binti_wa_Gereji:
Nimesahau taa. Vuta waya wa ardhi wa peke yake hadi kwenye plagi, usitegemee boli ipitishe umeme. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono, ili mkono ukichomoka uangukie juu yake. Na uliza mamlaka ya usajili wa magari ya kwenu wanataka nini kwa tela ya kuundwa nyumbani kabla ya kununua chochote, maana upana, taa na breki vinaweza kubadilisha mchoro mzima.

Mwenda_Mbali:
Nimeikagua ekseli: ni ile ya kujipinda, kama Mzee alivyohofia. Nitatafuta boriti nyoofu. Chuma nimeshuka hadi milimita 3, mikono itakuwa miwili, ekseli mita 2.5 kwa kuanzia. Mtoto ameshapima pikipiki zote mbili, alama za chaki zipo. Swali la mwisho: nipake rangi lini?

Fundi_Chuma:
Subiri. Paka praima nyepesi tu isishike kutu, ivute ikiwa tupu, kisha na mzigo, mwendo wa pole, kwenye barabara mbovu unayoijua. Rudi ukague kila mstari wa kuchomelea kwa tochi, hasa kwenye mikono na vishikio vya springi. Gusa habu kwa mkono: ikiwa ya moto sana, beringi imekazwa kupita kiasi au haina grisi. Kaza upya nati za rimu. Ukiona kila kitu kiko sawa, hapo paka rangi.