Manunuzi ya jeshi yakiingia kwenye mfumo, siri inakaa wapi?

BintiMbagala:
Wakuu habari za jioni. Nasoma manunuzi na ugavi hapa Dar, kuna kitu kinanisumbua. Tangu 2023 zabuni za serikali zinapita NeST, ule mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, mzabuni wa Kariakoo na wa Mwanza wanaliona tangazo kwa pamoja, safi kabisa. Sasa majeshi ya nje nayo yanataka kununua kidijitali, data, akili mnemba na kadhalika. Ukiweka kila kitu kwenye mfumo si adui anakuhesabia risasi? Na ukificha kila kitu si ndo upigaji wenyewe?

MtuWaTemeke:
Dada, jeshi linanunua silaha ndio, ila linanunua pia mchele, sabuni, viatu, matairi. Cheki Ukraine. Januari 2023 waandishi wa habari waliibua mkataba wa chakula cha askari, yai moja hryvnia (pesa ya Ukraine) 17 na dukani Kyiv lilikuwa kama 7, na nchi iko vitani! Na mfumo wa zabuni wa mtandaoni wanao, unaitwa Prozorro, tena unasifiwa dunia nzima, ila kwa sababu ya vita wizara ya ulinzi iliruhusiwa kufunga mikataba nje ya mfumo. Baada ya kelele bunge likapitisha sheria bei za vitu visivyo vya siri ziwekwe wazi. Kwa hiyo bei ya yai anika, mayai mangapi yanaenda kambi gani, hiyo ficha. Mbona inawezekana.

StooKeeper_K:
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila wote mmekimbilia kwenye zabuni na kazi kubwa iko stoo. Marekani mwaka 2023 mkaguzi wao GAO alisema vipuri zaidi ya milioni 1 vya ndege ya kivita ya F-35 vilipotea tangu 2018, thamani zaidi ya dola milioni 85. Kama hujui una nini kwenye shelfu, mfumo utakuagizia vitu ambavyo unavyo tayari. Kwanza kila aina ya kifaa iwe na namba yake moja, wenzetu wa NATO wanatumia ya tarakimu 13, hapo ndo unalinganisha bei ya mwaka jana na ya leo, au bei ya kikosi hiki na kile.

BintiMbagala:
Asante sana wakuu. Kwa hiyo namba zikikaa sawa, bei za kubambikiwa programu inazinasa yenyewe?

MtuWaTemeke:
Kuzinasa itazinasa, kuzizuia ndo ishu. 2019 ilitoka ripoti ya mkaguzi wa Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, kuhusu TransDigm, kampuni inayouza vipuri vya ndege, kipini cha chuma cha nusu inchi ambacho bei yake halali ni dola 46 kiliuzwa 4,361. Maafisa manunuzi walikuwa wanaomba mchanganuo wa gharama wananyimwa, na sheria haikumlazimisha muuzaji kwa sababu mikataba mingi ilikuwa chini ya kiwango cha thamani kilichowekwa. Kwa hiyo dada kwenye utafiti wako anza na sheria, nani ana haki ya kudai data ya gharama na kwa mkataba wa ukubwa gani, halafu ndo uje kwenye programu.