Tupeane uzoefu: Ulimwandikaje mama aliyejitolea kwa jamii?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, mama yetu amefariki, na familia imenikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake. Habari za kuzaliwa, kusoma, kuolewa na watoto aliowaacha nimekwisha kuziandika, kwa kuwa zimo kwenye vyeti. Ninapokwama ni upande wa pili wa maisha yake, yaani miaka mingi aliyoitumia kuwatembelea wagonjwa majumbani, kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na kuwa mweka hazina wa kikundi cha wajane, yote bila malipo. Kazi hizo hazina cheti wala barua ya uteuzi, na kila nikijaribu kuzieleza najikuta nimeandika kwamba alikuwa mkarimu, mpole na mwenye upendo, maneno ambayo angeweza kuandikiwa marehemu yeyote. Nawaomba mliokuwa na mama wa namna hiyo mtueleze mlipata wapi habari zake, mliandika nini, na ni nini mliamua kukiacha.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana kwa msiba. Sisi tuligundua mapema kwamba watoto ndio tuliokuwa tukijua kidogo kuliko wote. Mama alikuwa mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea, na sisi nyumbani tulichokuwa tukikiona ni mkoba, viatu vyenye vumbi na kuchelewa kurudi. Kwa hiyo wakati wa msiba nilikaa karibu na mlango, na kila aliyekuja kutupa pole ambaye sikumfahamu nilimwomba anisimulie jambo moja tu ambalo mama alimfanyia.

Dada mmoja alinieleza jinsi mama alivyofika kwake mtoto wake alipokuwa akiharisha, akamwelekeza kuchanganya lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimejazwa usawa wa ukingo bila kurundika, huku akimwonya kwamba chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Kisha akauweka mchanganyiko ule kando na kumtaka yule dada autengeneze upya kwa mikono yake mwenyewe. Hakuondoka mpaka alipomsikia akizitaja bila kusaidiwa dalili za kumkimbiza mtoto hospitali, yaani macho kubonyea, kushindwa kunywa, kulegea kupita kiasi, au damu kwenye kinyesi. Hapo kwenye kumtaka arudie ndipo tulipomtambua mama yetu, kwa maana hata sisi hakuwahi kutufanyia kazi ya shule. Alikaa pembeni na kusubiri. Kisa hicho tulikiandika kizima, na sifa zote za jumla tukaziondoa.

Mchangiaji wa pili

Mama yangu hakuwa na kikundi wala mkoba. Alichangia damu. Shida yetu ilikuwa kwamba hapakuwa na mtu wa kumhoji mlangoni, kwa sababu anayeongezewa damu hamjui aliyeitoa, na mtoaji naye hajui ilikokwenda. Chupa moja huweza kutenganishwa kuwa seli nyekundu, plazma (majimaji ya damu) na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), hivyo ikawafaa hata watu watatu tofauti, na huenda baadhi yao walipita njiani bila kumsalimu.

Tulichokuwa nacho ni kadi zake. Katika nchi nyingi mwanamke hutakiwa kukaa takriban miezi minne kabla ya kuchangia tena, wakati mwanamume hukaa mitatu, kwa kuwa kwa kawaida akiba ya madini ya chuma ya mwanamke ni ndogo zaidi, na mihuri ya kadi zile ilifuatana kwa utaratibu huo bila kuruka, isipokuwa katika vipindi vichache virefu. Ndugu yangu mmoja alidhani aliugua. Tulipolinganisha tarehe tukaona kwamba vipindi hivyo ni sisi: mjamzito na anayenyonyesha hawatoi damu, na kila pengo lilikuwa na mtoto wake. Wasifu wetu ulikuwa mfupi, nao ulieleza kadi hizo tu. Tangu hapo wanaoweza katika familia huenda kuchangia tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, ambayo ni tarehe aliyozaliwa Karl Landsteiner, mgunduzi wa makundi ya damu.

Mchangiaji wa tatu

Mniwie radhi, nitasema lisilopendeza. Watu wakimsifu mama aliyejitolea husahau kwamba saa alizozitoa zilitoka mahali fulani. Kwetu zilitoka kwa dada yetu mkubwa, ambaye alipika, akatuogesha na kutusimamia masomo ya jioni ili mama aweze kwenda kukesha na wagonjwa wa watu wengine. Mama alikuwa mtu mwema kweli, wala simlaumu. Ila wasifu wa kwanza ulioandikwa na mjomba ulimtaja dada mara moja tu, katika orodha ya watoto.

Tulibishana sana, kisha tukaongeza sentensi mbili: ya kwanza ikisema kwamba watoto walimgawana mama yao na watu wengi na si kila siku walifurahia, na ya pili ikimshukuru dada kwa kazi iliyoiwezesha kazi ya mama. Baadhi ya wazee walinuna. Hata hivyo, baadaye kidogo nilifuatwa na watu wawili ambao mama zao nao walikuwa wa namna hiyo, wakaniambia kwamba walikuwa hawajawahi kusikia jambo hilo likisemwa hadharani.

Mchangiaji wa nne

Nyongeza kuhusu Siku ya Mama, kwa kuwa wengi huiona kama siku ya kadi na zawadi. Ilianza hasa kama kumbukumbu ya mtu kama hawa tunaowazungumzia. Ann Jarvis, aliyeishi katika eneo la Marekani ambalo sasa ni jimbo la West Virginia, alizaa watoto zaidi ya kumi na kubaki na wanne tu waliofikia utu uzima. Mwaka 1858 alianza kuwakusanya akina mama katika vikundi vya kusimamia usafi, maji na maziwa salama, na kuzisaidia familia zenye wagonjwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, vikundi hivyo vikawauguza askari wa pande zote mbili. Alifariki mwaka 1905. Binti yake Anna aliandaa ibada ya kumbukumbu mwaka 1908, na mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza siku hiyo rasmi. Anna aliishi mpaka mwaka 1948, na sehemu kubwa ya miaka yake ya baadaye aliitumia kuwapinga wafanyabiashara walioigeuza soko. Mimi namwelewa, ingawa naona kwamba hata yeye alishughulikia zaidi siku yenyewe kuliko kazi ya mama yake, na leo ni wachache wanaojua habari za usafi na maziwa.

Mchangiaji wa tano

Mwanzisha mada, umesema marehemu alikuwa mweka hazina. Kabla ya wasifu, shughulikieni hilo. Fedha, stakabadhi na madaftari ya kikundi si mirathi. Yakabidhiwe kwa viongozi wake mbele ya mashahidi, kwa maandishi yenye saini za pande zote, mapema iwezekanavyo. Nimeona jina zuri la mama likiingia doa kwa sababu tu daftari lilikaa kabatini huku wanachama wakinong'ona.

Na kama aliandika habari za wagonjwa aliowatembelea, msizitumie hata kama zina visa vya kuvutia. Watu hao walimwamini yeye, hawakuwaamini watoto wake. Anayetaka kisa chake kijulikane atakisimulia mwenyewe, kama yule dada wa mchangiaji wa kwanza.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote. Katibu wa kikundi nimekwisha kuzungumza naye, na makabidhiano yatafanyika kabla ya mazishi, mbele ya wanachama. Madaftari ya wagonjwa yapo mawili. Nimeyafunga bila kuyasoma. Wanafunzi wake wa kisomo nimeanza kuwatafuta, na wa kwanza niliyempata amenieleza kwamba mama aliwafundisha kwanza kuandika majina ya watoto wao kabla ya majina yao wenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Sentensi ya kugawana mama nimeiandika pia na kuwapelekea wadogo zangu. Mmoja ameikubali, mwingine anataka iondolewe, na bado tunabishana.