Naombeni ushauri: h-indeksi inanikwamisha kupanda cheo, mimi ni mtu wa isimu ya Kiswahili

Mwanaisimu: Habari zenu wakuu. Ni mhadhiri wa Kiswahili chuo kimoja hapa Tanzania, naandaa faili la kuomba kupanda cheo na safari hii tumeambiwa kila mtu aambatanishe profaili yake ya Google Scholar, ule ukurasa wa Google unaoonyesha kazi za msomi na mara ngapi zimenukuliwa. Yangu inasoma h-indeksi 4 (ile namba ya kupima kazi zako zinavyonukuliwa na wengine), mwenzangu wa afya ya jamii ambaye tuliajiriwa pamoja anasoma 19, na mkubwa mmoja kaziangalia zote mbili kaniambia mwenzako anachapa kazi. Imeniuma sana, maana nina makala kibao kwenye majarida ya Kiswahili na kitabu cha sarufi ambacho walimu wa sekondari wanakitumia kila siku, ila huko mtandaoni ni kama hakipo. Nihamie Kiingereza tu au kuna namna ya kujitetea?

DaktariTakwimu: Pole sana mkuu. Hiyo h ilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na kwenye makala ile ile alisema viwango vinatofautiana kati ya fani na fani. Maana yake ni makala ngapi zimenukuliwa angalau mara idadi hiyo hiyo. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi, tuseme zimenukuliwa mara 40, 22, 9, 5, 3. Ya nne ina 5, imevuka nne, inapita, ya tano ina 3 haifiki tano, basi h ni 4. Ile ya 40 hata ikifika 400 h yako haisogei.
Mimi nipo afya. Kwetu makala moja ina waandishi kumi au ishirini na kila mmoja anabeba saitesheni zote, yaani mara zote ilizonukuliwa, halafu tunanukuu kazi za juzi juzi zilizoko mtandaoni. Nyie mnaandika mmoja mmoja, mnanukuu vitabu, na kitabu cha kwenye rafu mashine haikioni. Kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, mwaka 2015 ilitoka makala yenye waandishi zaidi ya 5,000, sasa hao utawalinganisha vipi na mtu aliyekaa peke yake na ngeli zake?

MamaMaktaba: Mdogo wangu kabla ya kulalamika kasafishe profaili. Tafuta jina lako kwa kila namna unavyoandikwa, majarida mengine yanaweka jina la baba mwanzo, mengine herufi tu, kwa hiyo saitesheni zako zinaweza kuwa zimezagaa. Kazi zilizojirudia ziunganishe, fungua ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, ni bure, na kitabu kiongeze kwa mkono. Halafu makala ambazo jarida linaruhusu ziweke kwenye hazina ya kidijitali ya chuo. Google Scholar inasoma hata tasnifu za wanafunzi zikiwa wazi mtandaoni, na wanafunzi wa Kiswahili ndio wanaowanukuu nyie.

Nguli_77: Mimi naona tusidanganyane, kamati haitabadilika kwa ajili yako. Andika Kiingereza, tafuta jarida lililoko Scopus, ile hifadhidata ya kimataifa ya majarida, upande cheo, Kiswahili utarudi nacho ukishakuwa profesa.

DaktariTakwimu: Nguli hapo nakataa. Ilani ya Leiden ya 2015, ambayo ni kanuni kumi za kutathmini utafiti kwa haki, kanuni ya tatu inataka utafiti wenye manufaa kwa jamii husika ulindwe, na wameugusa kabisa huu mtego wa kuthamini Kiingereza peke yake. Kanuni ya sita inataka tofauti za fani zizingatiwe. Chapa kurasa hizo ambatanisha kwenye faili. Alafu omba ulinganishwe na wahadhiri wa Kiswahili na isimu wa vyuo vingine walio na cheo unachoomba, toa profaili zao pembeni ya yako. Hiyo hoja ina nguvu kuliko malalamiko.

Nguli_77: Sawa, hiyo ya kulinganisha na wa fani yake nakubali. Ila walau makala moja ya Kiingereza aandike, wasomaji wa isimu za Kibantu wapo dunia nzima.

MamaMaktaba: Hilo halina ubaya. Kuna majarida kama Swahili Forum yapo wazi mtandaoni bure. Ila akitokea mtu anakuuzia saitesheni, au jarida linakuahidi kuchapa ndani ya siku tatu ukilipa, kimbia, jina likishachafuka halisafishiki.

Mwanaisimu: Asanteni sana, nimepumua. Nimeingia sasa hivi kwenye profaili, kweli kuna makala zangu mbili zipo chini ya jina la baba. Mama Maktaba, kile kitabu mchapishaji ndiye mwenye haki, naweza kuweka hata sura moja?

MamaMaktaba: Usiweke kwanza. Soma mkataba, kama hausemi kitu mwandikie barua uombe sura moja, na jibu lake litunze.