Msaada wakuu: kadi ya picha inagoma mashine pepe ikiwashwa mara ya pili

Zabibu_Dom: Wakuu habari za jioni. Nina kaofisi ka kuhariri video za harusi na sendofu hapa Area D, Dodoma. Kompyuta ni moja tu, inaendesha Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe), na ndani yake kuna mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja. Ya Linux inatunza mafaili ya ofisi nzima. Ya Windows nimeikabidhi kadi ya picha ya mtumba ya AMD, ukoo wa Polaris.

Asubuhi inapiga kazi safi. Balaa ni nikiizima Windows na kuiwasha tena: skrini nyeusi tii, na kwenye logi naona "stuck in D3" (imekwama kwenye hali ya usingizi). Inabidi nizime kompyuta nzima, na wenzangu waliokuwa wanavuta mafaili wanabaki kunitolea macho. Leo ni mara ya nne, na bibi harusi anapiga simu. Kadi imekufa au?

Fundi_Nkuhungu: Haijafa mkuu. Mashine pepe ikizimwa, kadi hairudi katika hali yake ya mwanzo. Vifaa vingine vina FLR (Function Level Reset), vinajiriseti bila kugusa jirani. Polaris haina, kwa hiyo keneli (kiini cha Linux) inariseti basi zima la PCI, njia inayounganisha kadi na kompyuta (si la kwenda Morogoro), na hata hapo kadi hizi hazizinduki. Tuwekee majibu ya amri hii, inaonyesha njia za kuiriseti kadi:
`cat /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/reset_method`

Kijana_wa_Kondoa: Uza hiyo, chukua kadi za AMD za ukoo wa RX 6000, huko shida hii ni nadra.

Zabibu_Dom: Hela unatoa wewe mkuu? 😂 Fundi, inasoma "bus" tu. Remove na rescan (kuitoa kadi kwenye mfumo na kuitafuta upya) nilishajaribu, wapi!

Fundi_Nkuhungu: Hiyo ni kumtoa mgonjwa wodini na kumrudisha, ugonjwa uleule. Kuna moduli (kipande cha kuongeza kwenye keneli) inaitwa vendor-reset, inajua kuriseti Polaris, Vega na Navi za mwanzo. Isimike kwa DKMS, inayoijenga upya kwa kila keneli mpya, la sivyo keneli ikibadilika inapotea, na jina lake liandike kwenye /etc/modules. Halafu hapa ndipo wengi wanapokwama: kuanzia keneli 5.15 lazima uiamuru itumie njia hiyo, kabla hujawasha Windows:
`echo device_specific > /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/reset_method`
Na ile 01:00.1 ya sauti uikabidhi pamoja. Ni kadi moja hiyo.

Mama_Seva: Moduli ikigoma, zima Windows kisha piga `rtcwake -m mem -s 5`. Kompyuta inalala sekunde 5, kadi inakatiwa umeme, inaamka mpya. Nimeishi hivyo mwaka mzima.

Zabibu_Dom: Mrejesho. Sasa inasoma "device_specific", na nimezima na kuwasha Windows mara tano, picha inatoka! Ila umeme ulikatika saa mbili usiku. Uliporudi, mara ya kwanza ikawaka, ya pili nyeusi tena.

Fundi_Nkuhungu: Ile amri inafutika kompyuta ikizimwa. Iweke kwenye crontab ya root (orodha ya amri zinazojiendesha) kwa @reboot, ijiendeshe kila kompyuta inapowaka.

Zabibu_Dom: Nimeweka, imekubali. Bibi harusi kapata video yake saa tano.

Mama_Seva: Hiyo ya crontab naichukua na mimi. Nimechoka kuilaza kompyuta kama mtoto.